Funika Daftari, Mjukuu Wangu

Nimesikia umechagua mkondo wa sayansi, na kwamba mama yako amekwisha kukununulia madaftari makubwa na kalamu za rangi nne. Vizuri. Ila kabla hujaanza kuyapamba hayo madaftari, nipe sikio. Bibi yako nimeishi na vumbi la chaki na harufu ya maabara tangu mama yako hajazaliwa hadi nilipostaafu. Nilifundisha kemia, na mwalimu wa fizikia alipokosekana, jambo la kawaida shuleni kwetu, nikafundisha na fizikia. Wengi wa walioanguka mikononi mwangu hawakuwa wavivu, na hilo ndilo lililonikosesha raha. Mvivu anajulikana mapema, hamshangazi mtu. Walionishangaza ni wale waliokesha, wale waliokaa prepo mpaka taa zizimwe, waliosoma madaftari yao hata pembe za kurasa zikajikunja, kisha wakaingia mtihanini na kutoka na D.

Walikuwa wanasoma kwa macho. Ukiupitia ukurasa mara ya tatu, kila sentensi unaitambua, na kule kuitambua kunakulaghai uamini kwamba unaijua. Lakini mtihani haukuonyeshi ukurasa na kukuuliza kama mliwahi kuonana. Unakupa karatasi tupu. Sasa kama kichwa chako hakijawahi kuzoezwa kutoa kitu juu ya karatasi tupu, ni nani atakayekizoesha asubuhi ile, msimamizi akiwa anapita katikati ya madawati?

Basi fanya hivi. Jioni, kabla hujafungua daftari la siku hiyo, chukua karatasi chakavu, hata upande wa pili wa karatasi ya jaribio la zamani, uandike kila unachokumbuka katika somo la leo: fasili, fomula, mchoro, mfano alioutoa mwalimu, swali lililoulizwa na jirani yako. Siku za mwanzo utapata mistari michache na utajiona huna akili. Vumilia. Usilikimbilie daftari. Kaa na lile jambo linalokukwepa, lizunguke, jaribu kuliingia kwa mlango mwingine. Ukishindwa kabisa ndipo ufungue, na ulichokisahau ukijaze kwa kalamu ya rangi tofauti, nyekundu kama uliandika kwa bluu. Hapo kalamu za mama yako zitakuwa zimepata kazi. Kesho yake usipoteze muda kwenye yale ya bluu. Rudi kwenye yale mekundu. Kisha baada ya siku tatu nne rudia kwa karatasi nyingine tupu, na baada ya wiki mbili, na mwisho wa mwezi. Kila ukirudia itakuchukua muda mfupi zaidi.

Usidhani ni maneno ya bibi tu. Mwaka 2006 watafiti wawili wa saikolojia, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington kilichopo St. Louis, Marekani, walitangaza matokeo ya jaribio lao. Wanafunzi walipewa kifungu cha habari wakisome. Kisha safari moja wakakisoma tena, na safari nyingine wakaandika walichokumbuka bila kukitazama. Walipopimwa dakika tano baadaye, kusoma tena kulishinda, asilimia 81 kwa 75. Walipopimwa baada ya wiki moja, mambo yakapinduka: waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 42, waliojipima asilimia 56. Zile dakika tano ndizo zinazowaponza. Unafunga kitabu usiku, unajisikia umejaa, unalala kwa amani. Wiki ikipita hakuna kitu, na unasema mwalimu katunga mtihani mgumu.

Wewe unayetembea kutoka shule una bahati usiyoijua. Njiani huwezi kufungua daftari, kwa hiyo huna la kuchungulia. Anza getini: leo baiolojia tulifanya nini? Mzunguko wa damu. Damu inaingia moyoni kwa mshipa gani, inatokea chumba gani, inakwenda wapi kuchukua oksijeni, inarudi upande gani? Ukikwama, ukumbuke ulipokwama mpaka ufike nyumbani. Nimewaona watoto wa kutwa, wenye kazi za kuteka maji na kulea wadogo zao, wakiwapita wa bweni kwa sababu walisoma barabarani.

Kwenye maswali ya hesabu, hatari ya macho ni kubwa zaidi. Mwalimu akifanya swali la moli ubaoni, kila hatua inaingia akilini bila kipingamizi, nanyi mnaitikia kwa pamoja, "Tumeelewa!" Aliyemtazama nyanya yake akisuka ukili tangu utotoni naye ameelewa, mpe sasa miyaa umwone. Kila mfano uliofanywa, wa ubaoni au wa kitabuni, ufunike jibu lake kwa rula na uufanye upya mwenyewe mpaka mwisho. Ukikwama hatua ya tatu, sogeza rula uone hiyo hatua ya tatu tu, uifunike tena, uendelee. Utachoka haraka kuliko yule anayesoma mifano kumi kwa saa moja. Mwache na kumi zake.

Uwe pia na daftari dogo, la kurasa chache tu, ambalo wengine hawalioni. Humo utaandika makosa yako. Nami sitaki uandike "nilikosea swali la tano" wala "sikuwa makini." Hiyo ni toba tu, haikusaidii. Andika kosa lenyewe lilivyotokea. Chukua titresheni. Umepima kwa pipeti sentimita za ujazo 25 za sodiamu haidroksaidi yenye moli 0.1 kwa lita, na bureti imekuonyesha umetumia sentimita za ujazo 20 za asidi ya salfuriki. Moli za besi ni 0.0025. Unagawanya kwa 0.020, unapata asidi ina moli 0.125 kwa lita, unapiga mstari mara mbili chini ya jibu kwa furaha. Umekosa. Molekuli moja ya asidi hiyo inamaliza mbili za besi, kwa hiyo moli za asidi ni nusu, 0.00125, na jibu ni 0.0625. Kwenye daftari dogo andika: "Nilichukua moli za asidi kuwa sawa na za besi kabla ya kusawazisha mlinganyo." Kosa lililoandikwa hivyo linakamatika. Utagundua pia, kama walivyogundua wanafunzi wangu waliolikubali daftari hilo, kwamba makosa yako si mengi kama alama zako zinavyodai. Ni matatu au manne yanayojirudia kwa nguo tofauti.

Moja kati ya hayo, nakutabiria, litakuwa vipimo. Utasahau kugeuza sentimita kuwa mita, gramu kuwa kilogramu. Usijione peke yako. Septemba 1999 Wamarekani walipoteza chombo chao cha Mars Climate Orbiter kilipoifikia sayari ya Mirihi, kwa kuwa programu moja ya kompyuta ilitoa hesabu za msukumo kwa paundi na nyingine ikazipokea kana kwamba ni nyutoni. Watu wenye shahada nyingi. Andika kipimo mbele ya kila namba, katika kila hatua, hata kama mwalimu wako mwenyewe haandiki.

Sasa maabara. Hapa ndipo alama zinapolala zikisubiri mtu wa kuziokota, na hapa ndipo wengi wanapofuata maelekezo kana kwamba ni dua isiyohitaji kueleweka. Utaambiwa ufunge kijiwe kwenye uzi, ukiache kibembee, upime muda wa mibembeo 20. Kwa nini 20? Niliuliza swali hilo kila mwaka, na kila mwaka nilijibiwa, "Kwa sababu kitabu kimesema." Tufanye hesabu. Uzi wa sentimita 50 unabembea mara moja, kwenda na kurudi, kwa sekunde 1.42 hivi. Kidole chako kwenye saa kinachelewa labda sehemu mbili za kumi za sekunde. Ukipima mbembeo mmoja, huko kuchelewa kunaharibu asilimia 14 ya kipimo chako. Ukipima 20, jumla ni sekunde 28.4, na kuchelewa ni kulekule, hakuongezeki. Kosa limeshuka chini ya asilimia moja. Ukishalijua hilo, huhitaji kukariri kwamba ni 20. Mtu akikupa saa mbovu utajua mwenyewe kuongeza iwe 50.

Na ngoja nikupe siri ya pembeni. Ukikokotoa mchapuko wa mvutano wa dunia ukapata kama 10.9 badala ya 9.8, usiifute namba kisirisiri na kuandika ya kitabu. Karibu kila mara umehesabu "moja" wakati ule ule ulipobonyeza saa. Kijiwe kilipopita mara ya kwanza tayari wewe ulikuwa na "mbili", na uliposema ishirini kilikuwa kimebembea mara 19. Anza na sifuri. Namba mbaya inazungumza ukiihoji. Wanaoipika wanajinyima mwalimu bora waliyenaye mle ndani, na msahihishaji mzoefu huziona namba zilizopikwa kwa sababu zimenyooka mno.

Najua utaniambia shule yenu ina bureti mbili na foleni ya watoto sitini. Ni kweli, na si haki, na wenye kuhusika wanajua. Wakati wakijua, wewe una jiko. Chemsha choya, yale maua mekundu ya kutengenezea juisi, ugawe maji yake kwenye vikombe viwili. Kimoja kamulie limao, kingine tia magadi, utazame rangi inavyobaki nyekundu huku na kugeuka kijanikibichi au samawati kule. Hicho ni kiashiria cha asidi na besi, sawa na vile vya chupa za maabara. Nunua iodini ya duka la dawa, ile ya kupaka vidonda, udondoshee ndizi mbichi na ndizi iliyoiva sana. Mbichi itageuka bluu iliyokaribia weusi, iliyoiva itabadilika kidogo tu, nawe utakuwa umeona wanga ukigeuka sukari bila mtu kukuandikia ubaoni. Kata kiazi mviringo vipande viwili vya urefu mmoja, kimoja kwenye maji matupu, kingine kwenye maji ya chumvi, urudi baada ya saa mbili na rula. Hiyo rula ndiyo muhimu. Bila kupima umecheza tu.

Pengine umemsikia Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu Magamba, kule Lushoto, yeye na wenzake walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa maziwa. Utaratibu ulikuwa kuchemsha, kuacha yapoe, kisha kuweka kwenye friza. Siku moja nafasi ilikuwa inakwisha, akayaweka yakiwa ya moto. Yakaganda kabla ya ya mwenzake aliyeyaweka yakiwa hayakuchemshwa. Alipouliza, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, jambo hilo likawa kichekesho darasani, na shule ilipotembelewa na Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, akamuuliza tena mbele ya wenzake wanaocheka. Osborne alikwenda kuhakikisha, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala katika jarida la Physics Education. Jambo hilo likaitwa kwa jina la kijana wa Kitanzania dunia nzima.

Hadithi hii husimuliwa sana ili kuwaambia watoto wasiogope kuchekwa. Sawa, lakini mimi naipendea kitu kingine. Tazama alivyouliza. Hakuuliza kwa nini vitu vya moto huganda haraka. Aliuliza kuhusu vyombo viwili vinavyofanana, maji ya ujazo mmoja, moja nyuzi 35 na nyingine nyuzi 100, katika friza moja. Alikuwa amekwisha kurudia jambo lenyewe kwa maji katika maabara ya shule. Swali la namna hiyo haliwezi kufukuzwa kwa kicheko, kwa sababu anayelisikia anaweza kwenda kulipima. Na hata leo wanalipima: mwaka 2016 watafiti wawili nchini Uingereza, Henry Burridge na Paul Linden, walirudia vipimo kwa makini wakaona hawapati ushahidi wa kuridhisha, wengine wakawapinga, na ubishi unaendelea. Huo nao ni sayansi, wala haumvunjii Mpemba heshima. Kwa hiyo ukienda kwa mwalimu, usimwambie "sijaelewa topiki ya umeme." Atakufundisha upya saa nzima kile kile. Mwambie, "Balbu mbili zikiwa kwenye mstari mmoja naona mwanga unapungua, zikiwa sambamba haupungui, na betri ni ile ile, hapo ndipo ninapopotea." Atakupenda, na atakujibu kwa dakika mbili.

Kuna jambo ambalo watu wazima tunalizungumza kwa kunong'ona. Ulisoma sayansi ya msingi kwa Kiswahili, sekondari imekuja kwa Kiingereza, na mtihani utakuwa wa Kiingereza. Wengi huvuka mto huo kwa kumeza. Wanameza fasili nzima na nukta zake, na swali likigeuzwa kidogo wanazama. Ushauri wangu, ambao baadhi ya walimu wenzangu hawakuupenda, ni huu: elewa kwa lugha unayoota nayo. Nieleze mimi, au mdogo wako, kwa nini kiazi kimelegea kwenye chumvi. Sema maji yametoka ndani ya seli kwenda nje kulikokolea zaidi, yakipita kwenye utando unaoruhusu maji lakini unazuia chumvi. Ukiweza kunielezea hivyo nikaelewa, ndipo ukae uandike sentensi hizo hizo kwa Kiingereza chako, fupi fupi, kisha ulinganishe na kitabu uchukue maneno ya kitaalamu ambayo lazima yawepo. Na ujifunze mapema vitenzi vya maswali. Kutaja ni kutaja. Kueleza kunataka sababu. Kutofautisha kunataka vitu viwili vikabiliane katika kila hoja, na anayeandika sifa za kimoja hadi mwisho kisha za kingine hapati alama zote. Watoto wanaojua jibu hupoteza alama hapa tu.

Pasti pepa zipo kila steshenari ya kutolea kopi, na vijitabu vya majibu pia. Vijitabu hivyo viogope mpaka uwe umejibu mwenyewe, kwa saa, bila kuinuka. Tena kuna kitu bora ambacho wanafunzi wachache hukigusa: Baraza la Mitihani la Tanzania hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, zikiwa na sampuli za majibu mazuri na mabaya na maelezo ya kwa nini yamepata au kukosa. Zipo kwenye tovuti yao. Mwombe mwalimu azishushe, au kaka yako mwenye simu. Soma jibu baya, uliza ungelisahihishaje wewe, ndipo usome walichosema wao.

Diskasheni ziende, ila kila mtu aje akiwa amejaribu maswali peke yake. La sivyo mmoja atafundisha na kunufaika, watano watatikisa vichwa. Ukiona wewe ndiye unayetikisa kila siku, badilisha kundi.

Kuhusu kukesha nitakuwa mfupi. Ubongo hupanga mambo ya mchana ukiwa umelala. Anayekesha hadi alfajiri kabla ya mtihani wa fizikia anakwenda na fomula nyingi na kichwa kisichoweza kuchagua ipi itumike. Simu ilale chumba kingine. Sina la kuongeza hapo, mama yako ameshasema yote, na kwa sauti kuliko mimi.

Mwisho, hilo la tuisheni. Baba yako ameniambia unataka fedha ya tuisheni ya kemia wakati wa likizo, na mimi ndiye nitakayeombwa. Sikatai. Tuisheni nzuri ipo, na mwalimu anayejua kazi yake anastahili ujira. Ila nyingine ni ubao ule ule, daftari lile lile na macho yale yale, kwa bei. Kwa hiyo uje kwangu Jumamosi moja na lile daftari dogo la makosa, lenye kazi ya wiki tatu kamili. Tutakaa nalo mezani, bila kitabu kingine. Nikiona yameandikwa makosa ambayo umeyahangaikia mwenyewe na bado hayatoki, nitakupa nauli, ada, na barua ya kumwambia huyo mwalimu aanzie wapi.